Matawi 7, meseji za kengele zinafurika: mauzo yafuatiliwe vipi papo hapo?

zabibu_na_data

Wakuu habari za humu. Naomba mawazo ya wenye uelewa wa kufuatilia takwimu za biashara papo hapo.

Mazingira ni haya. Maduka ya jumla na rejareja, matawi 7 ya Dodoma na jirani: Majengo, Nkuhungu, Kisasa, Area C, Nzuguni, Kibaigwa na Manyoni. Kila tawi lina kompyuta 2 hadi 4 za mauzo, na risiti zinapanda kwenye kanzidata ya PostgreSQL iliyo ofisi kuu. Malipo ni taslimu, lipa namba za mitandao ya simu, na benki kidogo. Kuna skripti ya Python inayoamka kila dakika 5, inajumlisha mauzo ya saa iliyopita na kuyalinganisha na saa hiyo hiyo ya jana. Yakishuka zaidi ya asilimia 20, meseji inakwenda kwenye grupu la mameneja.

Grupu limekuwa kelele tupu. Jumatatu inalinganishwa na Jumapili, meseji zinamiminika. Mishahara ikitoka kila kitu kinapanda, wiki inayofuata kila kitu "kimeshuka". Manyoni, ambako wateja ni wa kuhesabika, inalia kutwa. Mameneja wameshazima sauti. Na mambo ya kweli yanapita hivi hivi: kompyuta ya Kibaigwa inaweza kukatika mtandao nusu siku na hakuna anayejua, bidhaa zikauzwa chini ya bei ya kununulia mpaka mhasibu afunge hesabu za mwezi.

Maswali:
1. Nitumie kipimo gani badala ya hiyo asilimia 20 ya jana?
2. Kuna haja ya modeli za akili mnemba au hesabu za kawaida zinatosha?
3. Nitofautishe vipi "hakuna mauzo" na "hakuna mtandao"?
4. Mambo ya huku kwetu (Bunge, mishahara, mavuno, Idd) nayaingizaje?

Uwezo uliopo: seva yenye RAM ya GB 16 na mtu mmoja anayejua SQL.

---

Mwl_Namba

Mkuu, anza na swali la 3, maana hilo ndilo linaloharibu mengine yote. Ukihesabu mauzo ya tawi ambalo risiti zake hazijafika, hakuna kanuni ya takwimu itakayokuokoa.

Kila kompyuta ya mauzo itume ujumbe wa "nipo" kwa seva kila dakika 1, mbali kabisa na risiti. Ndani yake kuwe na jina la mashine, saa yake, namba ya risiti ya mwisho iliyotoka, na idadi ya risiti ambazo bado hazijapanda. Hata ujumbe ukiwa na baiti 200, ni KB 288 kwa siku kwa mashine, bando halitatikisika. Zikikosekana "nipo" 3 mfululizo, mashine ihesabiwe iko KIMYA, na kengele za mauzo zinazoitegemea zisimame. Inatoka meseji moja tu: "Kibaigwa, mashine ya 2, haijasikika tangu saa 5:42 asubuhi. Angalia umeme, ruta, bando." Kama "nipo" zinaingia vizuri lakini namba ya risiti ya mwisho haijasogea, hapo ndipo una haki ya kusema hakuna mauzo.

Namba ya risiti ina faida ya pili. Seva ikipokea 4118 kisha 4121, kuna 2 zimebaki njiani au mtu kazifuta kwenye mashine. Hiyo ni kengele ya uhakika isiyohitaji takwimu yoyote.

Pili, hifadhi nyakati mbili kwa kila risiti: muda ilipotoka na muda ilipofika kwenye seva. Hesabu zote zifuate muda wa kutoka. Usipofanya hivyo, Kibaigwa ikirudi hewani saa 9 alasiri risiti za nusu siku zitaingia kwa mkupuo, utaona shimo la asubuhi na mlima wa alasiri, na vyote viwili ni uongo. Kipindi kikiisha subiri dakika 5 ndipo ukipime, na kila risiti iliyochelewa ikifika, kihesabu upya kipindi chake.

Ukiona tawi lina sifuri na droo ina pesa, tazama saa ya kompyuta. Betri ya CR2032 kwenye ubao mama ikifa, umeme ukikatika mashine inaamka na tarehe ya miaka ya nyuma, na risiti zinaandikwa kwenye mwaka ambao hakuna anayeutazama. Seva isizikatae, izipokee, iziwekee alama, na ipige kengele saa ya mashine ikipishana na yake kwa zaidi ya dakika 5. Washa ulinganishaji wa saa kwa NTP kila mahali.

Safu za muda ziwe timestamptz (aina ya PostgreSQL inayotambua kanda ya saa), kanda ni Africa/Dar_es_Salaam. Seva nyingi huja na UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa 3, kwa hiyo siku mpya inaanza saa 9 usiku wetu. Duka linalofungwa saa 3 usiku halitaona kosa hilo, lakini ukiongeza kituo cha mafuta kinachokesha, mauzo ya saa 6 hadi saa 9 usiku yataangukia jana. Na meseji ziandike saa kama watu wanavyosema: saa 8:15 mchana, si 14:15. Meneja aliye katikati ya mzigo hana nafasi ya kutoa sita.

Sasa kipimo. Usilinganishe na jana. Linganisha na siku ile ile ya wiki, kipindi kile kile, kwa wiki 8 zilizopita. Gawa siku kwa vipindi vya dakika 15. Na usitumie wastani na mchepuko sanifu (kipimo cha namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani), tumia mediani, yaani namba ya katikati ukizipanga. Sababu hii hapa. Chukua idadi ya risiti za tawi moja kila Alhamisi saa 4:00 hadi 4:15 asubuhi:

31, 28, 35, 30, 0, 33, 29, 32

Ile 0 ni siku umeme ulikatika. Wastani ni 27.25, mchepuko sanifu ni karibu 11.2. Ukiweka kikomo cha michepuko 3 chini ya wastani unapata hasi 6.4. Maana yake tawi likiuza sifuri, mfumo hautalia! Hitilafu moja ya zamani imemfundisha mlinzi wako kulala.

Kwa mediani: namba ya katikati ni 30.5. Tafuta umbali wa kila namba kutoka 30.5, kisha mediani ya hizo umbali: 2.0. Zidisha kwa 1.4826 ili ilingane na mchepuko wa kawaida, unapata karibu 3. Piga kengele namba ikiwa mbali na mediani kwa zaidi ya mara 3.5 ya hapo, yaani chini ya risiti 20 hivi. Ile 0 haikuathiri chochote. Ndani ya PostgreSQL ni percentile_cont(0.5), mara mbili. Kokotoa viwango hivi usiku mara moja, vihifadhi kwenye jedwali lake, mchana skripti isome tu. Ukihifadhi jumla za kila dakika 15 kwa matawi 7 na, tuseme, vipimo 6, ni mistari 4,032 kwa siku, kama milioni 1.5 kwa mwaka. GB 16 ni nyingi kwa kazi hiyo.

Kuhusu Manyoni, tatizo ni ufupi wa kipindi. Tuseme inatoa risiti 6 kwa saa. Kwa dakika 15 unatarajia 1.5, na uwezekano wa kupata sifuri kwa bahati tu ni asilimia 22. Duka likiwa wazi saa 12, vipindi ni 48, kwa hiyo utaona "hakuna mauzo" mara 10 au 11 kila siku na duka liko salama kabisa. Refusha kipindi mpaka utarajie risiti 9 hivi, yaani dakika 90: uwezekano wa sifuri unashuka hadi kama 1 kati ya 8,000. Kanuni ya kukumbuka: kila tawi liwe na urefu wake wa kipindi, kulingana na wingi wa wateja. Majengo dakika 15, Manyoni dakika 90. Ndiyo, Manyoni utachelewa kujua. Taarifa yenyewe haipo mapema kuliko hapo.

---

Mhasibu_Makole

Mwalimu kaeleza vizuri upande wa risiti, ila ndugu muuliza, ukiangalia jumla ya mauzo peke yake wizi na makosa ya bei yatakupita mbele ya macho. Mfuko wa sukari wa kilo 50 ukipigwa kwa bei ya kilo moja, sh 3,000 badala ya kama 140,000, kwenye tawi linalouza mamilioni jumla haitasogea hata kidogo. Kengele hiyo haipigwi kwenye jumla, inapigwa kwenye mstari wa risiti.

Weka hizi, zote ni SQL ya kawaida:

Bei ya kuuza ikitofautiana na mediani ya mauzo 50 ya mwisho ya bidhaa hiyo, kipimo hicho hicho, kwa zaidi ya asilimia 30: lia hapo hapo, kabla mteja hajatoka mlangoni kama inawezekana. Bei ya kuuza ikiwa chini ya gharama: lia. Lakini kabla ya kuwasha hii ya pili, safisha gharama. Makosa mengi yanatoka kwa anayepokea mzigo: ameingiza gharama ya katoni kwenye kipande, ghafla kila kipande kinaonekana kinauzwa kwa hasara. Mtego ni ule ule wa bei. Gharama mpya ikipishana na ya zamani kwa zaidi ya asilimia 30, mapokezi yasikubalike mpaka mtu wa pili aidhinishe. Na kumbuka VAT. Gharama bila VAT ukiilinganisha na bei yenye VAT, asilimia 18 inageuka faida hewa na hasara zinajificha humo.

Risiti zilizofutwa. Hesabu kwa keshia, si kwa tawi, na tenganisha zilizofutwa ndani ya dakika 2 (mara nyingi ni kukosea) na zilizofutwa baada ya dakika 10 au zaidi, mteja akiwa keshaondoka. Hizo za pili ndizo za kuangaliwa. Ila usipime uwiano juu ya idadi ndogo. Keshia aliyefungua zamu, kapiga risiti 3 na kufuta 2, ana asilimia 67 na hajafanya lolote baya. Weka sharti la angalau risiti 30 kabla uwiano haujapimwa. Chini ya hapo hesabu idadi tu.

Mgawanyo wa malipo. Kama kwenye tawi zima lipa namba ni theluthi ya risiti na kwa keshia mmoja imeshuka ghafla, wenzake wakiwa vile vile, kuna mawili: kibandiko cha lipa namba kwenye kaunta yake kimechanika, au wateja wanapewa namba nyingine. Nenda kaangalie kibandiko kwanza.

Ripoti ya Z (jumla ya mauzo ya siku) ya mashine ya EFD inatoka mara moja kwa siku wakati wa kufunga, kwa hiyo hiyo si ya papo hapo. Ilinganishe na jumla ya mfumo kila usiku kwa kila mashine. Tofauti inayojirudia hata ikiwa ndogo ni ya kufuatilia kuliko kubwa ya siku moja.

Na jambo la sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023. Namba ya simu ya mteja isiingie kwenye meseji ya grupu, na jina la keshia anayeshukiwa liende kwa meneja wake peke yake. Kengele ni sababu ya kuuliza, haijawa ushahidi.

---

seva_na_umeme

Naongezea kwa Mwl_Namba, na kuna mahali nampinga kidogo.

Mfano wake wa risiti 30.5 na kikomo cha 20: namba 8 ni chache mno, na mtawanyiko unaweza kutoka mdogo kwa bahati. Risiti zikija kwa kubahatisha tu, mtawanyiko wake wa kawaida ni kipeuo cha pili cha idadi inayotarajiwa, hapa karibu 5.5, wakati yeye kapata 3. Weka sakafu: mtawanyiko usishuke chini ya kipeuo cha pili cha mediani. Kikomo kinakuwa 30.5 kutoa 3.5 mara 5.5, kama risiti 11. Sakafu hiyo inakuokoa pia pale mediani ya umbali inapotoka 0, jambo linalotokea sana kwenye matawi tulivu ambako zaidi ya nusu ya namba zinafanana, na skripti inakufa kwa kugawanya kwa sifuri. Mediani yenyewe ikiwa chini ya 13, kikomo hicho kinashuka chini ya sifuri na hakitalia kamwe, kwa hiyo usikitumie, lia risiti zikiwa sifuri tu. Unganisha vipindi kama alivyosema kwa Manyoni. Unaweza pia kuchanganya kipindi cha kabla na cha baada, ukawa na namba 24 badala ya 8.

Kwa thamani ya mauzo katika shilingi usitumie namba ghafi. Mteja mmoja wa jumla akinunua mzigo wa milioni 8, kipindi kizima kinapinda. Tumia logariti ya thamani, au bora zaidi gawa kazi: idadi ya risiti inakuambia kama duka linafanya kazi, mediani ya thamani ya risiti inakuambia kama bei au aina ya wateja imebadilika.

Sasa hesabu ya kelele, ambayo watu huiruka. Matawi 7 mara vipimo 6 ni mifululizo 42. Ukipima kila dakika 5 kwa saa 12 ni vipimo 6,048 kwa siku. Kikomo cha michepuko 3, hata data ikiwa nzuri kabisa, kinavukwa kwa bahati asilimia 0.27, yaani mara 16 hivi kwa siku. Data ya maduka si nzuri kiasi hicho, itakuwa zaidi. Tiba:

- Kengele ifunguke endapo vipindi 2 kati ya 3 vya mwisho vimevuka kikomo.
- Ifunguke kwenye 3.5 lakini isifunge mpaka irudi chini ya 2, la sivyo itakuwa inawaka na kuzima pale mpakani.
- Ikishafunguka, isirudie meseji ndani ya dakika 60 isipokuwa hali imezidi kuwa mbaya.
- Matawi 4 au zaidi yakishuka kwa pamoja, tuma meseji moja: "Matawi mengi, angalia seva na njia ya malipo." Usitume 4.

Swali la 2, akili mnemba. Kwa kazi hii, hapana kwa sasa. Isolation Forest (modeli inayotafuta data zilizojitenga na nyingine) ni nzuri kwa kupekua risiti usiku na kutoa orodha ya 20 za ajabu ili mhasibu azitazame asubuhi, lakini ina kigezo unachoweka mwenyewe cha asilimia ngapi ni hitilafu. Ukiiambia asilimia 1, itakuwekea mstari unaokata asilimia 1 ya data uliyoifundishia, hata kama mwezi huo haukuwa na tatizo lolote. Na ikikuambia risiti hii ni ya ajabu, haisemi kwa nini. Meneja atapiga simu kuuliza "nifanye nini?", hutakuwa na jibu.

Kitu ambacho muuliza hakukitaja na anakihitaji ni cha kunasa mserereko wa polepole. Faida ikishuka kutoka asilimia 12 hadi 11.2 hakuna kikomo cha siku kitakachovukwa, lakini kwa mwaka ni hela ndefu. Tumia CUSUM (jumla limbikizi ya tofauti), ya E. S. Page tangu 1954, inatosha kwenye safu moja ya Excel. Kila siku chukua faida ya kawaida kutoa faida ya leo, gawa kwa mchepuko wa kawaida (tuseme 0.8), toa 0.5, ongeza kwenye jumla ya jana; jumla ikiwa hasi irudishe 0. Ikifika 5, lia. Kushuka kwa mchepuko mmoja kunanaswa kwa wastani wa siku 10 hivi. Ukitazama pande zote mbili, kengele ya uongo ni moja kwa wastani wa vipimo 465, kwa matawi 7 hiyo ni kama mara moja kila miezi miwili.

---

zabibu_na_data

Asanteni sana wakuu, hapa nimepata kazi ya kufanya. Swali la 4 bado. Wiki 8 za nyuma zitanisaidiaje Bunge la bajeti likianza au mavuno yakiingia? Na meseji nani azipate?

---

Mwl_Namba

Namkubali seva_na_umeme kwenye sakafu, iwekwe.

Kuhusu tarehe: usijaribu kutabiri ukubwa wa kila tukio. Pima mgao. Mishahara ya serikali ikitoka, matawi yote ya mjini yanapanda pamoja, kwa hiyo sehemu ya Nkuhungu katika jumla ya matawi ya mjini haibadiliki sana. Ikishuka kutoka asilimia 18 hadi 9 wakati wenzake wanafurika, kuna jambo Nkuhungu. Utekelezaji: chukua matarajio ya kipindi kutoka wiki 8, zidisha kwa "hali ya leo", ambayo ni mauzo ya matawi mengine tangu asubuhi ukigawa kwa yaliyotarajiwa. Zuia namba hiyo isitoke nje ya 0.6 na 1.7; ikigonga ukingo, hiyo nayo iwe taarifa kwamba siku nzima si ya kawaida.

Lakini makundi yawe ya kweli. Kibaigwa inafuata soko la mahindi; msimu wetu wa mvua ni mmoja, kama Desemba hadi Aprili, mzigo unaanza kusogea baada ya hapo. Manyoni ina mambo yake. Usiyachanganye na Area C na Kisasa, ambayo Bunge la bajeti kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni linayagusa moja kwa moja. Julai wiki ya kwanza, kumbukumbu ya wiki 8 bado inatarajia mauzo ya Bunge, hivyo kwa matawi hayo mawili punguza hadi wiki 4 kwa muda, mpaka yatulie.

Kwa yanayobaki tengeneza jedwali la kalenda: tarehe, saa ya kuanza, saa ya kuisha, tawi, na hatua (usipime, au tumia kiwango cha Jumapili). Sikukuu za tarehe maalumu ziingize za mwaka mzima mara moja: 26 Aprili, 1 Mei, 7 Julai, 8 Agosti, 14 Oktoba, 9 Desemba na nyinginezo. Idd usiiandike kama tarehe ya kudumu. Weka siku 2 zenye uwezekano, ithibitishe mwezi ukiandama. Ramadhani inasogea nyuma kama siku 11 kila mwaka, na inahamisha mauzo ya vyakula kwenda alasiri, kwa hiyo mwaka jana mwezi huo huo si kipimo. Siku za Nanenane, Nzuguni ipewe kundi lake peke yake.

Moja inayosahaulika: Jumamosi ya mwisho wa mwezi, usafi. Maduka yanayochelewa kufunguliwa mpaka saa 4 asubuhi yataonekana yamekufa, kwa sababu Jumamosi nyingine yanafunguliwa saa 2. Mediani haikusaidii hapo, inafuata walio wengi. Iweke kwenye kalenda. Ijumaa mchana haihitaji kitu, inajirudia kila wiki na kumbukumbu itaijua yenyewe.

Siku zilizowekwa alama kwenye kalenda, na vipindi vya KIMYA, visiingie kwenye hesabu ya wiki 8.

---

seva_na_umeme

Meseji: gawa ngazi tatu. Ya dharura ni mambo mawili tu, tawi zima kuwa kimya wakati wa kazi, na matawi mengi kushuka kwa pamoja. Ya meseji kwa meneja husika: mashine moja kuwa kimya, bei iliyopishana au iliyo chini ya gharama, risiti zilizorukwa, mauzo yaliyovuka kikomo. Mengine yote, pamoja na CUSUM, yaende kwenye muhtasari wa saa 1 asubuhi. Muhtasari huo utoke hata kama hakuna tatizo, maana usipotoka ndio ishara kwamba mfumo wenyewe umelala. Skripti za kutuma WhatsApp kwa njia zisizo rasmi ziache, namba inaweza kufungiwa wakati wowote. Bot ya Telegram inatosha, na zile mbili za dharura zipitie SMS kwa modemu yenye laini yake, kwa sababu intaneti ya ofisi kuu ikikatika ndipo unapozihitaji zaidi.

Kila meseji iwe na: tawi, kilichotarajiwa, kilichopatikana, tangu saa ngapi, cha kuangalia kwanza. "Nkuhungu: risiti 4, kawaida 26, tangu saa 4:30 asubuhi. Angalia mashine ya 1, haijatoa risiti tangu 4:22." Meneja akijibu "nimeona", kengele inyamaze kwa saa nzima. Akijibu "uongo", ihifadhiwe. Baada ya mwezi utajua kipimo gani kinastahili kuondolewa.

Kabla ya kuwasha, rudisha miezi 3 ya nyuma ipite kwenye kanuni, uhesabu ingelia mara ngapi kwa siku. Ikizidi 5 kwa matawi yote, pandisha kikomo au refusha vipindi. Kisha haribu data kwa makusudi kwenye nakala: futa saa moja ya Majengo, punguza risiti za Kisasa kwa asilimia 30, rudisha saa ya mashine moja nyuma, uone inachukua dakika ngapi kunasa kila kimoja. Upungufu wa asilimia 30 hautaonekana ndani ya dakika 15, usishangae; kwa tawi la risiti 30 kwa kipindi hiyo ni 21, ndani kabisa ya kikomo. Jumla ya saa 3 inafika risiti 360 ikitarajiwa, na 252 hapo inaonekana wazi. Kwa hiyo endesha vipimo viwili sambamba: cha dakika 15 kwa vifo vya ghafla, cha saa 3 kwa upungufu.

---

Mhasibu_Makole

Hiyo ya saa 3 iwashe pia kwa keshia mmoja mmoja. Na mashine ya kupokea mzigo nayo itume "nipo". Ikiwa kimya, bidhaa zinauzwa kabla hazijaingizwa, stoo inasoma hasi na gharama inabaki ya zamani.